App imekushika kama dema? Toka hivi

Mdogo wangu alifuta app ya mazoezi kwenye simu yake mwezi wa pili, akaja kustuka mwezi wa saba. Miezi mitano yote anakatwa hela kwa kitu ambacho hata hakipo kwenye simu. Alikuja kwangu jioni, simu mkononi, ananionyesha meseji ya benki anauliza "kaka hawa ni kina nani", na mi natazama naona jina la kampuni la ajabu ajabu lisilofanana hata kidogo na jina la app, ndo maana siku zote alikuwa anapita tu akidhani ni yale makato ya benki ya kila siku. Nikamuuliza, ulijitoa? Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Si nilifuta!"

Hapo ndo wengi tunapoliwa. Kufuta app ni sawa na mpangaji anayetoka chumbani akarudishia mlango akaenda zake, mwenye nyumba hajaambiwa, vyombo vimo ndani na kodi inahesabika. Google na Apple wote wameandika kwenye kurasa zao za msaada kwamba kuondoa app kwenye simu hakusitishi malipo, ila nani anasoma zile kurasa.

Kama umekulia pwani unajua dema. Ule mtego wa kusuka, mlango wake mpana kwa nje alafu unazidi kubana kadri unavyoingia ndani, samaki anafuata chambo anapita bila shida, akigeuka kutafuta alikoingilia hapaoni. Mjomba wangu alikuwa anayatega, na kitu nilichokuwa nakishangaa utotoni ni kwamba akilivuta dema juu hatoi samaki kwa ule mlango, kuna sehemu nyingine pembeni imefungwa kwa kamba, anaifungua hiyo anawamwaga kwenye ngalawa. App nyingi ndo zilivyo. Njia ya kutokea ipo, ila sio ile uliyoingilia, na mwenye dema hana sababu ya kukuonyesha kamba ilipo. Kwahiyo maelezo yote hapa chini ni ya kutafuta hiyo kamba.

Na usijione mjinga ukishindwa, maana kuna watu wanalipwa mshahara ili ushindwe. Muingereza mmoja mbunifu wa kurasa, Harry Brignull, alianza kuzikusanya hizi hila mwaka 2010 na kuzipa majina, moja wapo ni hii ya kuingia kirahisi, kutoka kwa jasho. Na kesi kubwa kuliko zote ni ya Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni: Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki kwamba wateja walikuwa wanaingizwa kwenye Prime, uanachama wao wa kulipia, bila kuelewa, alafu kujitoa ni kurasa nne, kubofya mara sita, na machaguo kumi na tano ya kukuchanganya. Ndani ya kampuni ule mlolongo walikuwa wameupa jina la Iliad, yaani utenzi mrefu wa kale wa Wagiriki kuhusu vita isiyoisha. Walijua wanachofanya. Septemba 2025 wakakubali kulipa dola bilioni 2.5, bilioni 1 faini na bilioni 1.5 kurudisha kwa wateja. Sisi huku hatutaona hata senti ya hizo hela, ila angalau ujue tatizo sio macho yako.

Haya, twende kazini. Mpangilio ni muhimu kuliko chochote: hela kwanza, alafu vitu vyako, alafu funguo, alafu akaunti, na app yenyewe unaifuta MWISHO. Watu wengi tunaanza na ya mwisho, tukishaifuta hata pa kubofya hatuna.

HELA KWANZA

Swali sio "nalipia app gani", swali ni "nililipia WAPI". Maana unajitoa palepale ulipolipia, ukienda kwingine utazunguka mpaka kesho.

Kama ulilipia kupitia Play Store: fungua Play Store, gusa ile picha yako ya duara juu kulia, ingia Malipo na usajili, alafu Usajili. Utaona orodha ya kila kinachokukata. Gusa unachotaka kuacha, ghairi, jibu swali lao la "kwanini unaondoka" (chagua lolote, hawakufuatilii nyumbani), thibitisha. Sasa sikiliza hapa, kama simu yako ina imeili mbili tatu, mfano ya kwako na ya kazini na ile ya zamani uliyofunguliwa na fundi simu uliponunua, orodha inaonyesha usajili wa imeili moja tu kwa wakati. Badilisha akaunti palepale juu kwenye picha, angalia zote. Nimeshaona mtu anaapa hana usajili wowote kumbe upo kwenye ile imeili ya fundi.

iPhone: setingi, gusa jina lako pale juu kabisa, alafu palipoandikwa Subscriptions. Kama ni siku za bure, Apple wanataka ughairi angalau masaa 24 kabla hazijaisha, sio dakika ya mwisho. Ushauri wangu ni huu, kwa simu yoyote: siku unayoanza za bure ndo siku hiyohiyo unaghairi, kabla hujaweka simu chini. Mara nyingi utaendelea kutumia mpaka siku ziishe, kuna chache huduma inakatika palepale, sasa ikikatika umepoteza nini, ilikuwa bure.

Kama ulilipia kwenye tovuti yao kwa kadi, hapo Play Store haitakuonyesha kitu na ndo ilikuwa kesi ya mdogo wangu. Aliona tangazo akiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, likamuuliza maswali, una kilo ngapi, unataka kupungua ngapi, unalala saa ngapi, mwisho likamwambia mpango wako uko tayari, weka namba za kadi. Dakika mbili. Daladala haijafika hata kituo kinachofuata na yeye ameshakuwa mteja.

Kutoka tulitumia dakika ishirini na kitu, watu wawili, kwenye kompyuta kwasababu kwenye simu ile sehemu ya akaunti tuliitafuta tukaikosa. Nakueleza tulichokiona maana utakutana nacho hichohicho kwa jina jingine. Ukurasa wa kwanza unauliza sababu. Wa pili unakupa ofa, nusu bei miezi mitatu, kitufe cha kijani kikubwa kama mkeka, na chini yake kiandishi cha kijivu chembamba "hapana, endelea". Wa tatu hauzungumzii kujitoa kabisa, unakuambia unaweza "kupumzika" miezi mitatu, na mdogo wangu kidole kilikuwa kishaenda nikamshika mkono, kwasababu kupumzika maana yake baada ya miezi mitatu wanaanza kukukata upya wakati umeshasahau. Wa nne ndo ulinichekesha: kitufe cha kuondoka kiliandikwa "nakubali kupoteza maendeleo yangu yote". Maendeleo gani, alifanya pushapu siku nne! Na rangi walizigeuza, kurasa tatu kile cha rangi kilikuwa cha kubaki, tukaamini cha rangi ndo cha kukwepa, huu wa nne cha kubaki ndo kikawa cha kijivu. Yaani usisome rangi, soma maneno, kila ukurasa upya, hata kama ni Kiingereza kigumu weka kwenye gugo tafsiri.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe ikaja "tumekutumia imeili, bofya ndani yake kuthibitisha". Imeili ikaenda kwenye lile folda la matangazo, tungeondoka palepale tungekuwa bado tumo. Kwahiyo kanuni: hujatoka mpaka uone imeili inayosema UMETOKA na tarehe. Piga skrinshoti kila ukurasa, hasa wa mwisho. Ile skrinshoti ndo iliyotusaidia wakati wa kudai hela, tuliwaandikia mara tatu wakarudisha ya mwezi mmoja kati ya mitano. Nusu shari.

Kuhusu kudai hela, Play Store ukiomba ndani ya masaa 48 tangu ulipie una nafasi nzuri zaidi, baada ya hapo wanakusukumia kwa mwenye app. Apple wana ukurasa wao wa kuripoti tatizo, reportaproblem.apple.com. Omba tu, mbaya zaidi watakachosema ni hapana.

Kuna wanaosema, ah mi naacha kadi haina hela, watakata wapi. Inafanya kazi kiasi. Kadi za mtandaoni za kwenye M-Pesa ni nzuri kwa hili, unaweka hela ya siku hiyo tu, ukimaliza unaifunga kadi na kama unahitaji tena unatengeneza nyingine. Lakini kufunga kadi au kuiacha tupu ni kuziba mfuko, sio kujitoa, akaunti inabaki hai, na kama kadi ni tupu tu app nyingine zinaendelea kujaribu kukata kila siku, siku ukiweka hela ya kulipia kitu kingine wanapita nayo. Funga kadi NA ughairi, sio mojawapo.

Sehemu ya nne unapoweza kuwa unalipia ni muda wa maongezi. Hii inawala sana wazazi wetu. Zile meseji za nyota, michezo, dondoo za mapenzi, neno la leo. Mama yangu alikuwa anaweka vocha asubuhi, mchana anapiga simu anaambiwa salio halitoshi, na yeye anajilaumu kwamba labda alipiga simu akasahau. Nikafungua meseji zake nikakuta huduma tatu kila moja inakata kidogo kidogo kila siku. Neno la kujitoa mara nyingi liko kwenye meseji ya kwanza kabisa waliyotuma, STOP au ONDOA au neno lenye jina la huduma, unatuma kwenye namba ileile fupi. Kama meseji ya kwanza imeshafutwa usihangaike kubahatisha, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, mwambie "naomba niondolewe kwenye huduma zote za kulipia zilizoko kwenye hii laini", na umwombe akusomee moja moja. Kaa kwenye foleni ya simu, washa spika, endelea kumenya vitunguu.

VITU VYAKO NA FUNGUO

Hapa napita haraka. Kabla hujafunga akaunti pakua vilivyo vyako. Facebook na Instagram zina sehemu ya kuomba nakala ya taarifa zako, Google wana Takeout, WhatsApp unaweza kutoa chati moja moja. Nakala haiji papo hapo, inaweza kuchukua masaa au siku, na ukishaipata IFUNGUE uone picha zimo kweli kabla hujafuta kitu. Kuna rafiki yangu alipakua faili akaridhika, kuja kufungua baada ya miezi, tupu. Picha za harusi.

Funguo ni hivi: ukikumbuka zamani kila app ilikuwa inakuambia "ingia kwa Facebook" au "ingia kwa Google" na wote tulibofya kwa uvivu. Sasa ukifuta ile Facebook, zile app zote ulizoingilia kwayo unaweza ukajikuta uko nje, muziki wako, gemu la mtoto, hata duka. Ingia kwenye setingi za Facebook utafute sehemu ya app na tovuti zilizounganishwa, pitia orodha, zile unazozihitaji nenda ukaweke imeili na paswedi. Ndo ufute. Na kwa upande wa pili, ukiacha app uliyoingilia kwa Google, nenda kwenye akaunti yako ya Google sehemu ya usalama ukaikate ile miunganisho, maana inabaki imening'inia humo miaka.

AKAUNTI

Maneno mawili ya Kiingereza lazima uyajue hata kama hujui mengine: Deactivate na Delete. La kwanza ni kuilaza, la pili ni kuizika. Mara nyingi app itakuwekea la kulaza juu na limeshachaguliwa tayari, la kuzika liko chini. Ukilaza Facebook, jina lako halionekani ila kila kitu wanacho, Messenger inaweza kuendelea kufanya kazi, na ukiingia siku moja tu kwa bahati mbaya umerudi mzima mzima.

Njia ya Facebook saivi inapita kwenye setingi, alafu kile kituo cha akaunti kinachounganisha na Instagram, alafu taarifa binafsi, alafu sehemu ya umiliki na udhibiti wa akaunti, ndo unakuta kulaza au kuzika. Kituo ndani ya kituo ndani ya kituo, nakuambia dema. Ukichagua kufuta wanakupa siku 30 za kughairi, na baada ya hapo inaweza kuchukua mpaka siku 90 kumaliza kuondoa vyote kwenye mitambo yao. TikTok, Snapchat na X nazo zina siku 30 za namna hiyo.

Hizi siku 30 wanasema ni za kukulinda usije ukajuta, na kweli kuna watu zimewaokoa, akaunti ikifutwa na mpenzi mwenye hasira mfano. Ila pia ni chambo. Ndo siku utakazokumbushwa birthday ya fulani. Na hatari yenyewe sio wewe kubadili mawazo, ni vifaa. Ile simu ya zamani uliyompa mtoto achezee, tableti, kompyuta ya ofisini, kote huko app bado imeingiwa na jina lako, mtoto akigusa tu akaunti inaweza kufufuka bila we kujua na hesabu ya siku 30 imekufa. Kwahiyo kabla ya kubofya kufuta, tafuta sehemu ya "toka kwenye vifaa vyote", alafu ndo ubofye. Na uandike tarehe ya siku ya 31 kwenye kalenda ya ukutani, ile ya benki au ya msikitini au ya kanisani, siku hiyo jaribu kutafuta jina lako kupitia simu ya mtu mwingine. Usijaribu KUINGIA kabla ya hapo. Nasisitiza maana nimeona watu wanaingia siku ya ishirini "kuangalia kama imefutika".

Wakati mwingine unakuta akaunti mbili zimefungwa kamba moja. Threads, ile app ya kuandikiana ya wenye Instagram, ilipotoka Julai 2023 ulikuwa huwezi kufuta wasifu wako wa Threads bila kufuta na Instagram yako, watu wakapiga kelele, Novemba mwaka huohuo wakaruhusu kuzitenganisha. Kwahiyo ukiona maelezo ya mtandaoni yanakuambia haiwezekani angalia yameandikwa lini.

Sasa zile app ndogondogo, za picha, za kusoma, za kutafuta wachumba, ambazo ndani yake hamna kabisa pa kufuta. Kamba ya pembeni ni hii: Apple tangu 30 Juni 2022 wanalazimisha kila app inayokufungulia akaunti iwe na sehemu ya kuifuta humohumo ndani. Google Play nao wanataka hivyo, tena na linki ya kwenye tovuti ili hata aliyekwisha kuondoa app aweze kuomba. Hiyo linki unaipata kwenye ukurasa wa app ndani ya Play Store, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data, fungua, angalia palipoandikwa kuhusu kufuta data. Watu hawaijui kabisa hii, wanahangaika ndani ya app wakati mlango uko dukani.

Ikishindikana, andika. Imeili yao iko chini ya ukurasa uleule wa Play Store, kwenye mawasiliano ya msanidi. Usiandike insha wala usilalamike, andika hivi:

"Naomba mfute akaunti yangu yenye imeili hii pamoja na taarifa zangu zote mlizonazo, ikiwemo namba za simu za watu mlizozichukua kwenye simu yangu. Naomba mnithibitishie kwa maandishi mkishafuta, na mniambie mlimpa nani mwingine taarifa hizo. Naomba hivi kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yangu."

Kampuni ikiwa ya nje itafsiri kwa Kiingereza, hata cha gugo kinatosha. Na sheria ipo kweli, sio kutisha watu: Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 na tume yake, PDPC. Wasipojibu, unapeleka malalamiko huko ukiwa na skrinshoti. Hapa utaelewa kwanini nilikuwa nasumbua na skrinshoti.

APP ZA MIKOPO, HIZI KIVYAKE

Hapa ufute kwa akili maana mchezo ni mwingine. Mtu amekopa elfu hamsini kwenye app ya kausha damu (mikopo ya riba ya kunyonya), amerudisha, au amerudisha nusu, anapigiwa simu anatukanwa, anafuta app kwa hasira. Kesho yake bosi wake, mama mkwe na fundi bomba wanapata meseji kwamba fulani ni tapeli. Wamezitoa wapi namba? Alizitoa mwenyewe siku ya kwanza alipobofya "ruhusu". Ukifuta app inaacha kusoma simu yako kuanzia hapo, ila walichokwisha kubeba wamebeba.

Kwahiyo mpangilio wa hapa: kabla hata ya kulipa, ingia setingi za simu, app, ruhusa, zima majina ya simu, meseji, picha, mahali ulipo. Zima kwanza wasiendelee kuchota. Alafu piga skrinshoti za ndani ya app, kiasi ulichokopa, ulichopokea (angalia vizuri, mara nyingi sio sawa na ulichokopa), tarehe, riba. Ukishafuta app hutakuwa na ushahidi hata mmoja. Lipa kupitia namba ya malipo ya kampuni, sio kwa namba ya binafsi ya kijana anayekupigia anasema "nitumie mi nikufungie deni", huyo deni halifungi. Tunza meseji ya malipo. Waombe kwa maandishi uthibitisho kwamba hudaiwi. Ndo utume ule ujumbe wa kufuta akaunti, ndo ufute app. Wakenya waongeze kuangalia jina lao CRB (wanaotunza rekodi za wakopaji) limekaaje baada ya hapo.

Na kama wanatukana watu wako, usidhani hamna pa kwenda. Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliipiga kampuni ya Mulla Pride, wenye app za KeCredit na Faircash, faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu kuwatumia meseji za vitisho. Huku kwetu Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na app 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla hujaanza kubembelezana nao angalia kwanza kama mkopeshaji wako ana leseni, maana namna ya kuongea inabadilika kabisa. Ila kutokuwa na leseni hakumaanishi umekula bure, usinielewe vibaya, kaa na ushahidi wako upeleke kwa wahusika.

UNAYETAKA KUTOKA ILA ROHO INAGOMA

Kuna dema la pili ambalo halina kitufe. App haikudai hela, ni ya bure, umeweza kuifuta mara sita na mara sita umeirudisha. Hizi zimejengwa kwa kitu kimoja, kukufanya uogope kupoteza. Duolingo, ile ya kujifunza lugha, inakuhesabia siku ulizosoma mfululizo, Snapchat inakuhesabia wewe na rafiki yako, unafika siku mia mbili na kitu, sasa unaingia sio kwasababu unataka kusoma, unaingia ili namba isife. Dawa yangu ni ya kikatili: iue namba mwenyewe, siku unayoichagua wewe. Piga skrinshoti ya mia mbili yako uweke kwenye picha, alafu lala bila kuingia. Asubuhi inasoma sifuri na unashangaa hamna aliyekufa. Baada ya hapo kuiacha ni rahisi mno.

Zile za kuperuzi zisizo na mwisho ni ngumu zaidi. Jamaa aliyeubuni ule mtindo wa ukurasa usioisha mwaka 2006, Aza Raskin, ameshasema hadharani anajutia. Zamani ulikuwa unafika chini ya ukurasa unabofya "inayofuata", pale kidole kikipumzika akili nayo ilikuwa inapata nafasi ya kusema basi. Kama huwezi kufuta app, toka tu kwenye akaunti kila ukimaliza, na uondoe paswedi kwenye simu. Ukitaka kuingia uandike yote upya, herufi kubwa, namba, alama. Uvivu wetu huo uliotuingiza ndo ututoe.

Kuhusu WhatsApp sisemi uache, huku ukiacha WhatsApp hutajua hata msiba. Ila magrupu unaweza kutoka, tangu 2022 ukitoka grupu wanaoarifiwa ni maadmini tu, ile "fulani ametoka" haiwatokei wote. Kamati ya harusi ya 2021 bado umo unafanya nini.

Ila kwenye WhatsApp kuna kosa moja baya: kuacha LAINI bila kufunga akaunti. Laini isipotumika muda mrefu mtandao unaiuza kwa mtu mwingine, na huyo akiiweka kwenye simu yake namba ya uthibitisho inakwenda kwake, na watu wako wanaendelea kumuandikia wakidhani ni wewe. Kama unahamia namba mpya tumia ile sehemu ya kubadilisha namba kwanza, wakati laini ya zamani bado iko hai. Kama unaacha kabisa, ingia setingi, akaunti, futa akaunti. Alafu pitia benki, imeili, Facebook, kote ulikoweka ile namba ukaitoe.

La mwisho. Ndani ya ule mwezi baada ya kujitoa utapata imeili na meseji, "usajili wako umeshindikana kufutwa", "umekatwa tena, bofya hapa kudai hela yako". Nyingine za kweli, nyingi za matapeli wanaojua kuwa watu wanahangaika kujitoa. Usibofye hata moja. Fungua mwenyewe Play Store au tovuti kwa kuandika jina, uangalie kule. Mdogo wangu alipata moja wiki ya pili, nembo ileile, rangi ileile ya kijani, ikimuomba namba za kadi "ili turudishe miezi minne iliyobaki". Alinipigia kwanza safari hii.